Baiskeli nyepesi za umeme kwa njia ngumu za milimani na enduro (kupanda mwenyewe, kisha kushuka njia ngumu kwa kasi): mifumo sita ikilinganishwa

Baiskeli ya umeme ya milimani yenye nguvu kamili huwa na kilo 22 hadi 25. Zile zinazoitwa nyepesi huanzia kilo 17 na kidogo hadi 20. Tofauti hiyo ya kilo tano huhisiwa kwenye kona ya kwanza ya mteremko, unapoinua gurudumu la mbele kuruka gogo, au unapobeba baiskeli kupita sehemu isiyoendesheka. Lakini kilo hizo zimepunguzwa kutoka kwenye mota na betri, kwa hiyo swali halisi ni unatoa nini ili uzipate.

Ushauri wetu ni huu: anza na miguu yako. Jua unazungusha pedeli kwa kasi gani mlima unapokaza, na jua unataka kupanda mita ngapi kwa siku. Baada ya hapo angalia fremu na foki (uma wa mbele wenye springi). Uzito ulioandikwa kwenye tovuti ya kampuni uwe wa mwisho, maana ndiyo namba rahisi kuliko zote kuchezewa.

Nguvu: wati za kwenye karatasi na wati za mlimani

Ulaya, sheria huruhusu mota yenye wastani wa wati 250, na msaada hukatika ukifika kilomita 25 kwa saa. Marekani, baiskeli za daraja la kwanza husaidiwa hadi maili 20 kwa saa, karibu kilomita 32. Wati 300, 450 au 600 unazosoma kwenye matangazo ni kilele cha muda mfupi. Kilele hicho hakipatikani kwa kila kasi ya pedeli, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea.

Hesabu yake ni fupi. Zidisha torki ya mota (nguvu yake ya kuzungusha, hupimwa kwa Nm) kwa mizunguko ya pedeli kwa dakika, kisha zidisha kwa 0.105. Jibu ni wati ambazo mota haiwezi kuzizidi kwa kasi hiyo, hata kilele chake kiwe kikubwa namna gani. Jedwali hili limepigwa kwa hesabu hiyo, huku kilele kilichotangazwa kikiwa kikomo. Majina ya safu ya kwanza ni ya mota, na Wh (wati-saa) ni kiasi cha umeme kwenye betri. Baiskeli zinazozitumia zinakuja chini.

| Mfumo | Torki (Nm) | Kilele (W) | Uzito wa mota (kg) | Betri (Wh) | Mizunguko 60 | Mizunguko 90 |
|---|---|---|---|---|---|---|
| TQ HPR50 | 50 | 300 | 1.85 | 360 | 300 W | 300 W |
| Specialized SL 1.2 | 50 | 320 | karibu 2 | 320 | 314 W | 320 W |
| Fazua Ride 60 | 60 | 450 | 1.96 | 430 | 377 W | 450 W |
| Bosch Performance Line SX | 55 | 600 | karibu 2 | 400 | 346 W | 518 W |
| Shimano EP801 (Orbea Rise) | 85 | 600 | karibu 2.7 | 420 au 630 | 534 W | 600 W |
| DJI Avinox | 105 | 850 | 2.52 | 600 au 800 | 660 W | 850 W |

Tazama safu ya mizunguko 60. Bosch SX, yenye kilele mara mbili ya TQ, inaizidi TQ kwa wati 46 tu. Mizunguko 60 ndiyo kasi ya mtu aliyebanwa na mwinuko mkali wenye mizizi, amesimama kwenye pedeli na giya imeisha. Ukiwa mtu wa kusukuma polepole kwa nguvu, kulipia wati 600 za SX ni kulipia kitu utakachokiona mara chache. Ukiwa mtu wa kuzungusha haraka, mizunguko 85 na kuendelea, SX inabadilika kuwa mashine nyingine kabisa, na TQ itakuwa imefika mwisho wake zamani. TQ hugusa kilele kwenye mizunguko 57 hivi, na kuanzia hapo kukanyaga haraka zaidi hakuongezi chochote kutoka kwa mota.

Fazua iko katikati, na kwa wapandaji wengi ndiyo inayokaa vizuri zaidi katika kundi la wepesi. Kumbuka tu kwamba wati 450 ni za mwamko (boost) wa sekunde 12. Ni nguvu ya kuvukia mwamba au kona kali, haitakupandisha mlima mzima.

Mita za kupanda: piga hesabu kabla ya kuchagua betri

Chukua mpandaji na mizigo yake pamoja na baiskeli, jumla kilo 100. Kuinua kilo 100 kwa mita 1,000 kunahitaji Wh 273, hilo halina mjadala. Ongeza sehemu moja ya tano kwa msuguano wa matairi kwenye udongo na vijiwe, unafika karibu Wh 330. Mota nayo hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya umeme kwa joto.

Ukifanya nusu ya kazi kwa miguu yako, betri itatoa karibu Wh 205 kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo Wh 320 za Specialized zitakupandisha mita 1,550 hivi, Wh 360 za TQ mita 1,750, Wh 400 za Bosch mita 1,950, na Wh 430 za Fazua mita 2,100. Ukiiachia mota theluthi mbili ya kazi, matumizi yanapanda hadi Wh 275 kwa mita 1,000, na namba hizo zinashuka: 1,160, 1,300, 1,450 na 1,560. Jumla yenu ikiwa kilo 120 badala ya 100, punguza tena kwa karibu sehemu moja ya sita.

Hizi ni hesabu za betri mpya na hali ya hewa nzuri. Tope, baridi na betri yenye misimu kadhaa vyote hula akiba, na mifumo mingi hupunguza nguvu chaji inapokaribia kwisha. Toa asilimia 10 hadi 15 kwenye jibu lako, na hiyo ndiyo siku yako halisi.

Kuna sababu nyingine ya kupiga hesabu hii mapema. Mtu mwenye baiskeli nyepesi akipanda pamoja na wenzake wa nguvu kamili, huwafuata kwa kuweka msaada wa juu muda wote. Hapo hafanyi tena nusu kwa nusu. Betri ndogo, msaada wa juu: saa moja na nusu na siku imekwisha. Kama kundi lako lote linaendesha Bosch CX (mota ya Bosch ya nguvu kamili) au Shimano yenye Wh 600 na zaidi, baiskeli nyepesi ya Wh 320 au 360 itakutesa, hata iwe nzuri kiasi gani kwenye mteremko. Kundi lako likiwa la baiskeli za kawaida zisizo na mota, hali inageuka. Nyepesi ndiyo inayolingana nao, na nguvu kamili itakufanya uwasubiri kila kona.

Betri ya nyongeza hupunguza tatizo. Specialized na TQ wana za Wh 160 zinazokaa kwenye kishikio cha chupa, zenye uzito wa karibu kilo moja. Bosch ana PowerMore ya Wh 250, karibu kilo moja na nusu. Angalia kwanza kama fremu ya saizi yako ina nafasi ya kuipokea, maana kwenye saizi ndogo shoki ya nyuma huikaribia sana. Ukishaifunga, chupa ya maji haina mahali, kwa hiyo panga kubeba maji mgongoni.

Mteremko: uzito mdogo unasaidia wapi, na wapi hausaidii

Kwenye kona za kugeuka nyuma, njia nyembamba za msituni, miruko na sehemu zinazotaka ubadili mstari ghafla, baiskeli ya kilo 18 inamshinda dada yake wa kilo 24 bila ubishi. Breki zinachoka polepole, mikono inachoka polepole, na makosa madogo yanasahihishika.

Kwenye mteremko ulionyooka uliojaa mawe, mambo yanageuka. Shoki hufanya kazi vizuri pale uzito wa fremu na mpandaji unapokuwa mkubwa ukilinganisha na uzito wa magurudumu. Gurudumu likigonga jiwe, fremu nzito hukaa palepale na gurudumu ndilo linalosogea, ilhali fremu nyepesi hurushwa pamoja nalo. Ndiyo maana baiskeli nzito huhisi imetulia kwenye mawe. Nyepesi inakutaka uichague njia kwa macho na uiendeshe kwa mwili. Wapo wanaopenda hivyo, nasi tunaona ndiyo raha yenyewe, lakini anayetaka kupita juu ya kila kitu bila kufikiri asidhani kilo chache zitamsaidia.

Baiskeli zenyewe

Trek Fuel EXe, iliyotoka mwaka 2022, ndiyo iliyoitambulisha TQ kwa watu wengi. Foki yake ina mwendo (umbali inaoweza kubonyea) wa milimita 150, nyuma 140. Ukimya wa TQ hauna mshindani: kwenye upepo mdogo tu huisikii. Ni baiskeli ya njia za kawaida zenye ugumu wa hapa na pale. Kwa enduro ya kweli mwendo huo ni mfupi, na kuiwekea foki ya 170 ni kuharibu jiometri iliyopangwa. Anayetaka TQ pamoja na shoki ndefu aiangalie Scott Voltage eRIDE, yenye 160 mbele na 155 nyuma. Shoki ya Scott imefichwa ndani ya fremu, kitu kinachoilinda na tope lakini kinachotaka uvumilivu: mbonyeo (kiasi shoki inachozama ukikaa juu ya baiskeli) unausoma kwenye alama ya nje, na kila unapotaka kugusa vifundo vya shoki lazima ufungue kifuniko. TQ wenyewe mwaka 2025 wameleta HPR60 yenye Nm 60 na wati 350, kwa hiyo HPR50 iliyobaki dukani ina haki ya kushushwa bei. Muulize muuzaji bila haya.

Specialized wana mbili za kuangalia. Turbo Levo SL ya kizazi cha pili, ya mwaka 2023, ina 160 mbele na 150 nyuma, gurudumu la inchi 29 mbele na 27.5 nyuma. Mota yake ni SL 1.2, iliyopanda kutoka Nm 35 za SL 1.1 ya Levo SL ya kwanza ya mwaka 2020 hadi 50. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa hiyo ukiona Levo SL ya mtumba kwa bei tamu, hakikisha kwanza ni kizazi gani. Kenevo SL ndiyo ya enduro, 170 mbele na nyuma. Udhaifu wa zote mbili ni betri ya Wh 320, ndogo kuliko zote hapa, na imefungwa ndani ya fremu. Kuchaji ni kuisogeza baiskeli nzima kwenye soketi. Anayeishi ghorofa ya nne bila lifti alifikirie hilo sana.

Upande wa Fazua, Transition Relay ina sifa ya pekee: betri hutoka, na waliounda baiskeli walikusudia iendesheke hata bila betri. Kilo 2.3 zikitoka, unabaki na baiskeli ya enduro nzito kidogo, ya kupelekwa kwenye bustani za baiskeli ambako lifti hukupandisha na hakuna haja ya mota. Unaweza pia kununua betri ya pili na kuiacha kwenye gari. Santa Cruz Heckler SL, 160 mbele na 150 nyuma, inatumia mota hiyohiyo katika fremu yenye mchanganyiko wa magurudumu.

Bosch SX utaikuta kwenye Mondraker Dune, yenye 170 mbele na 165 nyuma. Kwa mpandaji mwenye miguu ya haraka anayeshuka njia za mawe, hii ndiyo tungeitazama kwanza kati ya nne za kundi la wepesi. Kelele ya SX inapofanya kazi kwa nguvu ni kubwa kuliko TQ, na hilo ndilo linalowaudhi wengine.

Kisha kuna zile mbili zinazovuruga mipaka. Orbea Rise ya mwaka 2024, toleo la LT, ina 160 mbele na 150 nyuma, na EP801 iliyofunguliwa hadi Nm 85. Unachagua betri ya Wh 420 au 630, na uamuzi huo peke yake unaigeuza baiskeli. Shimano ina mlio wa vyuma kugongana ndani ya mota unaposhuka bila kukanyaga. Hauna madhara, ila unasikika, na kama ukimya ni muhimu kwako jaribu kabla ya kulipa. Amflow PL yenye mota ya DJI Avinox, iliyotambulishwa mwaka 2024, ina 160 mbele na 150 nyuma. Toleo la juu la kaboni lenye Wh 600 limetangazwa kuwa na kilo 19.2. Nm 105 kwa kilo hizo zimewafanya watengenezaji wote wajieleze upya. Hisia yake, hata hivyo, ni ya nguvu kamili. Usipotuliza msaada kwenye programu ya simu, gurudumu la nyuma huteleza kwenye mwinuko wa udongo mkavu.

Kilo zinazorudi

Baiskeli nyingi hupimwa zikiwa na matairi mepesi, bila pedeli. Kwa uendeshaji mkali matairi hayo hayadumu: mota huongeza mzigo wa gurudumu la nyuma, na jiwe moja lenye ncha kwa kasi hukata ubavu au kupinda rimu. Weka tairi lenye ubavu mzito nyuma, kama DoubleDown ya Maxxis au Super Gravity ya Schwalbe. Mbele, EXO+ au Super Trail inatosha kwa wengi. Tegemea ongezeko la gramu 150 hadi 300 kwa tairi. Ongeza sponji ya ndani ya tairi la nyuma, pedeli, na maji ya kuziba pancha mililita 100 hadi 120 kwa gurudumu la inchi 29, na kilo nzima imerudi. Linganisha baiskeli zikiwa katika hali hiyo, ndipo utaona pengo la gramu 600 lililokuwa likikusumbua kichwa limeyeyuka.

Hewa: kwa mpandaji wa kilo 80, anza na psi 22 mbele na 25 nyuma, kisha shuka moja moja hadi utakaposikia rimu ikigusa, urudi juu psi mbili. Mbonyeo wa awali uwe asilimia 28 hadi 30 nyuma na karibu 20 mbele, ukipimwa ukiwa umevaa mzigo wako wote na betri ya nyongeza ikiwa mahali pake.

Breki ziwe za pistoni nne na diski ya milimita 200 au 203 mbele na nyuma. Kampuni zinazotafuta wepesi hupunguza hapa, na ni mahali pabaya pa kupunguza. Foki yenye miguu ya milimita 36 inatosha hadi mwendo wa 160. Kwa 170 na mpandaji mzito tafuta ya 38, kama Fox 38 au RockShox ZEB. Kranki (mikono inayoshika pedeli) za milimita 160 au 165 husaidia zaidi ya watu wanavyodhani, maana juu ya baiskeli ya umeme unaendelea kukanyaga mahali ambapo bila mota ungetulia, na pedeli za kranki ndefu hugonga mawe.

Vinavyoharibika

Cheni na kaseti (giya za gurudumu la nyuma) ndivyo vya kwanza. Pima cheni mara kwa mara na uibadilishe ikirefuka hadi kipimo cha 0.5, kabla haijala kaseti. Kinachoua zaidi ni kubadili giya mota ikiwa inavuta kwa nguvu zote. Legeza mguu nusu mzunguko kabla ya kubofya. Mfumo wa SRAM Transmission wa mwaka 2023 umeundwa kubadili ukiwa na mzigo, na kwa baiskeli ya umeme tunauona una thamani ya pesa ukipatikana.

Mota ikikataa kusaidia ghafla na skrini ikionyesha hitilafu, angalia sumaku ya kipimo cha kasi kwenye gurudumu la nyuma kabla ya kumpigia fundi. Ikisogea milimita chache, mara nyingi baada ya kubadili tairi au diski, mfumo haujui gurudumu linazunguka. Mlango wa kuchajia nao ukaushwe baada ya kuosha, na mpira wake ufungwe hadi mwisho. Mashine ya maji ya kasi isielekezwe kwenye mota wala kwenye beringi za viungo vya fremu.

Mlio wa kukwaruza unaodhaniwa kuwa mota mara nyingi ni bolti za mota zilizolegea au viungo vikavu. Kaza kwa spana ya torki kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, usikisie: kwenye fremu ya kaboni kukaza kupita kiasi ni ufa.

Mahali ulipo

Hapa chagua kwa kuangalia fundi aliye karibu. Shimano humruhusu mwenye baiskeli kusasisha mfumo na kusoma hitilafu kwa programu ya E-Tube kwenye simu. Bosch hufunguliwa kikamilifu kwa chombo cha muuzaji aliyesajiliwa. Kama duka lililo karibu nawe limesajiliwa na Bosch pekee, hilo lina uzito kuliko tofauti yoyote ya Nm tano kwenye jedwali.

Anayenunua Ujerumani, Uingereza au Dubai akitaka kuipeleka Nairobi au Arusha ajue mapema: betri ya lithiamu inayozidi Wh 160 hairuhusiwi kwenye ndege ya abiria kama mzigo wako, iwe mkononi au chini. Betri ya baiskeli husafiri kama shehena ya bidhaa hatari, kwa nyaraka zake na gharama zake. Betri za nyongeza za Wh 160 ziko kwenye kikomo chenyewe na zinahitaji kibali cha shirika la ndege kabla ya safari. Upande huu Transition Relay inayoendesheka bila betri ina nafuu ya wazi, kwa sababu fremu inaweza kutangulia kama baiskeli ya kawaida na betri ikafuata kwa njia yake. Ikikaa stoo muda mrefu, iache na chaji kati ya asilimia 30 na 60, mahali pakavu pasipo na joto kali. Betri iliyoachwa tupu kwa miezi inaweza kukataa kuamka.